Mzigo Usio na Mwenyewe

Kilamtu ni nchi safi. Hilo lazima lisemwe mwanzoni, maana Nakiete mwenyewe alilisema mwanzoni kila alipoulizwa habari za huko, na hakuwa mtu wa kuficha jema la watu hata kama walimliza. Barabara zake hazina hata kijiti. Kila mwenye nyumba hufagia kipande kinachopita mbele ya mlango wake mpaka kwenye mstari wa chokaa, na jani likidondokea ng'ambo ya mstari si lake tena. Watu wa huko hawagombani, hawasengenyani, wala hawaombani chumvi. Mgeni anaweza kukaa juma zima asisikie mtu akimwita mwenzake, akadhani amefika peponi.

Alifikaje huko? Hilo halina haja ya kusimuliwa. Nchi yenyewe haiko mbali kama tunavyopenda kudhani, na njia ya kwenda ni mteremko mtupu. Nakiete alikuwa mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa milimani, mama wa miaka hamsini na sita, mwenye sauti ya pili ambayo kwaya nzima iliiegemea, na aliyezoea kupewa kila kazi kwa sababu alizimaliza. Alimfuata mdogo wake, Sefueli, aliyehamia Kilamtu miaka miwili nyuma na ambaye sasa alikuwa anakufa. Ujumbe wa Sefueli ulikuwa mfupi. Alisema miguu imekwisha, kwamba hataki kufia huko, na kwamba anaomba abebwe arudi nyumbani akafe mahali ambapo watu huimba pamoja.

Kutoka mji wa Sefueli hadi mpakani ni mwendo wa siku nzima, njia nyembamba ya kupanda ambayo gari halioni pa kuweka gurudumu. Ilihitajika machela na watu wanne. Nakiete aliijua hesabu hiyo tangu anafunga mlango wa nyumba yake, na haikumtisha. Kwao, alivyokumbuka, mgonjwa akihitaji kubebwa watu hugombea kushika mti wa machela. Wanne, aliwaza, nitawapata wapi nisiwapate?

Aliingia mjini Jumapili asubuhi, saa ya ibada, na kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa mvumo, kama mzinga wa nyuki. Ubavuni mwa kila nyumba kulikuwa na kijengo kirefu chembamba chenye msalaba juu, ambacho asiyejua angekidhania choo. Hayo ndiyo makanisa ya Kilamtu. Kila mtu ana lake. Ndani mna mimbari moja, kiti kimoja na vioo vitatu vikubwa ukutani.

Vioo vina historia, na Wanakilamtu huisimulia kwa fahari. Mababu zao walikuwa Wakristo wa kawaida waliokusanyika pamoja. Wakatengana kwanza kwa sababu ya mwendo wa nyimbo, wengine wakitaka za haraka na wengine za polepole. Kisha wa haraka wakatengana kwa sababu ya makofi, na wapiga makofi kwa sababu ya nani akae mbele, hadi kila mtu akabaki na yule pekee asiyemuudhi. Lakini lilibaki jambo moja lililowanyima raha, lile la Bwana kuahidi kuwapo pale walipokusanyika wawili au watatu. Wakakaa baraza, la mwisho walilokaa wote chumba kimoja, wakaamua kwamba kioo ni mtu. Kioo kimoja hufanya wawili. Viwili hufanya watatu. Cha tatu ni cha akiba. Mkaguzi wa vioo hupita mara mbili kwa mwaka kuhakikisha havina vumbi, kwa kuwa mbele ya kioo chenye vumbi akidi haitimii.

Nakiete alisimama dirishani pa kanisa moja akatazama. Mwanamume mwenye tai alisoma matangazo mimbarini, akashuka, akaketi kitini, akatulia kidogo kama anayeyasikiliza, akapanda tena. Alihubiri nusu saa, akishuka mara kwa mara kutikisa kichwa. Ibada ilipokwisha alikwenda kusimama mlangoni, akanyoosha mkono wa kulia na kuupokea kwa wa kushoto. Alipomwona mgeni alimsalimia kwa adabu, akamweleza kwamba majuma matatu sasa hapatani na mhubiri wake na anafikiria kuhama. Nakiete alicheka. Mwanamume yule hakucheka, akafunga kanisa lake kwa ufunguo.

Nyumba ya Sefueli ilikuwa mwisho wa mtaa. Kwenye mstari wa chokaa unaotenga kiwanja chake na cha jirani, Nakiete alikuta mabakuli kumi na moja yamepangwa mstari mmoja, yamefunikwa vizuri kwa sahani. La mwisho lilikuwa na supu ya moto. Yaliyotangulia yalikuwa yameanza kuoza, na lile la kwanza hakutaka kulifunua mara ya pili.

Sefueli alikuwa kitandani. Alikuwa fundi mwashi siku zake, mabega mapana, na sasa shuka lilimlalia kama limetandikwa juu ya kitanda kitupu. Nakiete alimlisha supu ile ya moto kwa kijiko, akambadilisha nguo, akamgeuza. Sefueli ndiye aliyeanza kusema.

"Dada, umekuja na nani?"

Alimwambia amekuja peke yake. Sefueli akatazama dari.

"Haya," akasema. "Ndivyo tunavyoingia wote."

Kisha akamweleza anachotaka, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Hakuwa anaogopa kufa. Alikuwa anaogopa kufa huku. Huko Kilamtu, mtu akijiona anakwisha huingia kanisani kwake, hujihubiria mahubiri ya mazishi, kisha hulala katika shimo alilojichimbia mwenyewe chini ya kiti, na mkaguzi huja kufunga mlango. Sefueli hakuwa na nguvu ya kuchimba. Hata angekuwa nayo asingechimba. "Sitaki kuzikwa na vioo," alisema. "Nataka kusikia mtu akikohoa nyuma yangu."

Nakiete alitoka mara ile kwenda kwa jirani. Alikuwa mwanamke mpole aliyejiita Bi Faragha, kwani Wanakilamtu hujipa majina wenyewe wakifika umri wa kujua. Ndiye aliyepika supu. Kila siku asubuhi aliiweka kwenye mstari, na siku za mwanzo Sefueli alitambaa hadi hapo akaichukua. Nakiete akamuuliza kama hakuona kwamba haichukuliwi tena. Bi Faragha alisema aliona, tena alisikitika sana, akamwombea kanisani kwake mara tatu kwa siku, na supu akaizidisha nyama. Lakini mlango ni wa mwenyewe. Angevuka mstari angekuwa anamwambia Sefueli kwamba hajitoshi, na tusi kama hilo hakuna mwungwana anayempa mgonjwa. Machozi yalimlengalenga alipokuwa akisema hivyo, na yalikuwa machozi ya kweli. Kuhusu kubeba machela alishtuka, akarudi nyuma hatua moja. Mzigo wenye mwenyewe haushikwi na mwingine. Hata hivyo, akaongeza kwa sauti ya chini, kuna Ofisi ya Mizigo.

Ofisi hiyo ilikuwa chini ya Bwana Tosha, Mkaguzi Mkuu, mtu mwembamba, msafi, aliyempokea Nakiete vizuri na kumwonyesha mahali pa kusimama, maana kiti kilikuwa kimoja. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamfafanulia sheria kwa uvumilivu, kama mwalimu anayependa somo lake.

Alisema watu wa nje huwadhania Wanakilamtu wameutupa waraka wa mtume. Si kweli. Waraka huo una mahali panaposema watu wabebeane mizigo, na mistari michache chini yake pana maneno kwamba kila mmoja abebe wa kwake. Kwa vizazi vitatu wasomi waligombana juu ya maneno hayo mawili, na waliogombana zaidi ni wale waliojaribu kuyashika yote kwa pamoja. Mwishoni ikapatikana njia. Mzigo wenye mwenyewe unabebwa na mwenyewe. Mzigo uliopotea, usio na mwenyewe wala mtu wa kuudai, huo ndio wa kubebeana. Kwa hiyo hakuna neno hata moja lililofutwa. Ofisi ina watu wanne walioapishwa kubeba mizigo ya namna hiyo. Wanne hao, alikiri, hawajawahi kuitwa kazini.

Nakiete akaona mwanga. Akauliza kama hao wanne wanaweza kumbeba mdogo wake.

"Inategemea, bibi mgeni," alisema Bwana Tosha. "Ana mtu?"

"Ana mimi. Mimi ni dada yake."

"Basi ni wako. Mbebe."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, akasimama kumfungulia mlango. Nakiete hakutoka. Alibishana naye siku ile, akarudi Jumatatu, akarudi Jumanne, na Jumatano shauri lake likapelekwa barazani. Wajumbe wa baraza walikuwa tisa, kila mmoja katika kibanda chake chenye pazia. Kila mjumbe alitoa hoja, akajipinga, akajijibu, akapiga kura, na karani akapita kukusanya matokeo. Maazimio yote tisa yalipita bila kupingwa, na hakuna mawili yaliyofanana. Mmoja aliazimia Sefueli asifiwe kwa ujasiri wake. Mwingine aliazimia machela ipakwe rangi. Nakiete, aliyewahi kukaa katika vikao vingi vya kanisa lake, alijiona kama amekwisha kuwapo hapo kabla.

Jioni ile Sefueli alikuwa ameanza kupumua kwa kukokota. Alhamisi Nakiete alirudi kwa Bwana Tosha akiwa amechoka, akamuuliza bila kuzunguka ni kitu gani kinachotakiwa. Mkaguzi akamjibu kwamba njia ipo moja tu. Sefueli akithibitishwa kuwa hana mtu, wanne watatoka kesho yake. Yeye kama dada atapaswa kula kiapo mbele ya mgonjwa kwamba hana undugu naye. Baada ya kiapo hataruhusiwa kumgusa, kwa sababu agusaye mzigo ameudai, na wabebaji watauweka chini papo hapo.

"Na ushahidi?" Nakiete aliuliza. Alidhani hapo ndipo atakwama. "Nani atawaaminisha kwamba hana mtu?"

"Ushahidi tunao," alisema Bwana Tosha. "Kila anayehamia kwetu tunamwandikia usharika aliotoka, kuuliza kama kuna anayemdai."

Akavuta jalada, akaweka karatasi mezani na kuigeuza ili aisome. Usharika ulithibitisha kwamba aliyetajwa hakuwa mshiriki wake tena, kwamba alipo hapajulikani, na kwamba hakuwa na mtu wa kuulizwa habari zake. Chini palikuwa na muhuri. Juu ya muhuri palikuwa na sahihi, na sahihi ilikuwa yake.

Aliikumbuka siku hiyo. Ilikuwa Jumamosi, kabla ya mazoezi ya kwaya, na katibu alimletea rundo la karatasi. Laiti angeweza kusema kwamba alitia sahihi bila kutazama. Alitazama. Alilisoma jina. Sefueli alikuwa hajaonekana kanisani mwaka mzima, tangu mguu ulipoanza kumsumbua, na Nakiete alikuwa amejiambia kwamba amekasirika na watu, akikasirika huwa anajitenga, aachwe apoe. Tena jumuiya ya mtaani kwake ilikuwepo, ina zamu za kutembelea wagonjwa, lazima walikuwa wanakwenda. Jumuiya nayo ilijua kwamba mgonjwa ana dada, tena mzee wa kanisa, hivyo haikutaka kumwingilia. Watu mia nne wa usharika huo walimpenda Sefueli. Walimtaja katika maombi. Hakuna aliyefika kwake. Nakiete alisimama mbele ya meza ya Bwana Tosha, karatasi mkononi, akaona aibu ambayo hakuwa na mahali pa kuificha.

Alirudi kwa Sefueli akakaa kwenye ncha ya kitanda. Alijaribu kumweleza habari ya barua na kiapo, akaanza mara mbili, akashindwa. Sefueli akamsaidia.

"Barua hiyo nilisomewa siku niliyojiandikisha," alisema. "Niliijua sahihi yako kabla hawajasoma."

"Ulijua, na bado ukaniita mimi?"

"Ningemwita nani?"

Nakiete akalia hapo, kwa sauti, kilio ambacho nyumba za mtaa ule hazikuwahi kukisikia. Jirani mmoja alifunga dirisha kwa upole ili asimwingilie. Sefueli alisubiri hadi alipokwisha kulia. Akamwambia aende akaape tu, kwamba yeye hatamshika kwa maneno. Kitu alichokiandika mtu kwa mkono wake, alisema, hakiwi kigumu zaidi kukitamka. Hakusema kwa uchungu. Ingekuwa afadhali kwa Nakiete kama angesema kwa uchungu.

Ijumaa jioni Bwana Tosha alifika na kitabu cha viapo, akasimama mlangoni bila kuvuka kizingiti. Kiapo kilikuwa cha maneno machache, na kililiwa mara tatu kufuatana na desturi. Mara tatu Nakiete alisema, akimtazama mdogo wake aliyemlea mgongoni, kwamba hana undugu na mzigo uliolala mbele yake. Mara ya tatu sauti ilimkatika, na Bwana Tosha alimwomba arudie neno la mwisho kwa sababu halikusikika. Akalirudia. Mkaguzi akaandika, akamshukuru, akamwelekeza mahali pa kusimama tangu sasa, yaani hatua mbili nyuma.

Jumamosi alfajiri walikuja wale wanne. Kumbe Bi Faragha alikuwa mmoja wao, amevaa viatu vipya. Wa pili aliitwa Bwana Pekee, mwalimu wa uimbaji, ambaye katika nchi ile kazi yake ni kumfundisha kila mwanafunzi wimbo usioweza kuimbwa na mwingine. Wengine wawili walikuwa mafundi vioo. Walikuwa watu wazuri, wenye nguvu, na walitaka kwa moyo wote kufanya kazi yao vizuri. Walishika kila mmoja ncha yake, na kila mmoja akahesabu moja, mbili, tatu yake. Ncha ya Bi Faragha ikainuka kwanza. Ya Bwana Pekee ikafuata. Mafundi vioo walikuwa bado kwenye mbili. Sefueli akateleza upande hadi bega likagonga sakafu.

Walijaribu mara sita. Hawakuwa wajinga, ila katika maisha yao yote hawakuwahi kuinua kitu ambacho mtu mwingine alikuwa anakiinua pia, na mikono yao haikujua kusubiri. Nakiete alisimama hatua zake mbili nyuma, akitazama mdogo wake akiinuliwa na kuangushwa kama gunia. Kumgusa hakuweza. Ndipo akakumbuka kwamba hakuna kifungu kilichomkataza kuimba. Akaanzisha wimbo wa kutembea wa kwaya yao, ule wenye mkazo mwanzoni mwa kila mstari, akiupiga mkazo huo kwa mguu chini. Mara ya tatu ya mkazo ncha nne zikainuka pamoja. Hakuna aliyejua nani amehesabu.

Wakatoka mjini. Wakatembea saa mbili, saa tatu, njia ikipanda, Nakiete nyuma akiimba na wale wanne wakiweka miguu juu ya sauti yake. Kwanza walinyamaza. Kisha Bi Faragha akaanza kuufuatisha wimbo kwa midomo iliyofumbwa, halafu fundi mmoja, halafu wote. Sefueli alikuwa amefumba macho. Kwenye mwisho wa kila ubeti midomo yake ilitafuta sauti ya nne, na mara moja tu aliipata. Bi Faragha aligeuza uso nyuma kumtazama Nakiete.

"Sikujua kwamba uzito hupungua," alisema.

Nakiete aliendelea kuimba, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nchi ile aliamini kwamba watafika. Baada ya adhuhuri aliuona mpaka, mawe meupe juu ya kilima, na ng'ambo yake paa la kanisa lake. Ilibaki kama mwendo wa saa moja.

Hapo Bwana Pekee akasimama. Alikuwa amebadilika rangi. Alisema ameipoteza sauti yake. Alikuwa akiimba, akajaribu kujisikia, na badala yake alisikia kitu kimoja kikubwa ambacho hakuweza kukitenga, na hakujua tena yeye ni kipi ndani yake. Hofu yake ilikuwa ya kweli kama ya mtu anayezama. Aliomba radhi, akaweka ncha yake chini. Akajitenga hatua thelathini hivi, akageukia jiwe, akaanza kuimba ngazi ya sauti, do, re, mi, akijitafuta. Kisheria wengine hawakuweza kumhimiza. Wakaiweka machela njiani na kungoja, kila mmoja akitazama upande wake.

Jua lilikuwa kali. Sefueli alifumbua macho, akauliza kama wamefika. Nakiete, hatua mbili nyuma, akamwambia wamekaribia. Pumzi yake ilikuwa inakatika na kurudi, na kila iliporudi ilirudi fupi zaidi. Mkono wake mmoja ulikuwa umeanguka nje ya machela, kiganja juu, vidole vimelegea kwenye vumbi. Nakiete akasogea. Sefueli akaona.

"Usinishike," alisema. "Wataniacha. Tufike kwanza."

Nakiete akasimama. Alisimama pale robo saa akiutazama mkono ule, hatua mbili kutoka kwake. Bwana Pekee alikuwa kwenye fa. Nakiete alijua kwamba akiushika, safari imekwisha, na asipoushika, labda mwalimu atajipata, labda watainua, labda saa moja itatosha. Aliendelea kuhesabu uwezekano huo hadi alipogundua kwamba muda fulani sasa hajasikia pumzi. Sefueli alikuwa amekufa bila kuguswa na mtu, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani, na dada yake amesimama karibu naye.

Nakiete akapiga magoti akaushika mkono. Akaushika kwa mikono yake yote miwili akauweka shavuni, akasema huyu ni wake, ni mdogo wake, wa baba mmoja na mama mmoja. Bi Faragha na mafundi waliinamisha vichwa. Mzigo ulikuwa umepata mwenyewe. Walimnyooshea Sefueli shuka, wakamfuta vumbi usoni kwa mwisho wa nguo zao, kila mmoja akampa Nakiete pole kwa maneno yake, wakageuka kuteremka. Bwana Pekee alikuwa amejipata. Aliteremka nyuma yao akiimba wimbo wake kwa uangalifu mkubwa. Bi Faragha alitazama nyuma mara nyingi, na kila mara alikuwa mbali zaidi.

Jumapili jua lilipopanda, Nakiete alikuwa bado njiani. Alishika ncha mbili za mbele akavuta, na ncha mbili za nyuma zilichimba mifereji katika udongo. Alivuta hatua kumi, akapumzika, akavuta kumi. Alivuka mawe meupe bila kuulizwa neno na mtu. Chini yake barabara ya kanisa ilikuwa imejaa watu, mamia, wamevaa vizuri, wanawake na vitabu vya nyimbo kifuani, kwaya katika sare zake, wakipanda pamoja huku wanazungumza na kucheka. Alitamani kuita, ila koo lilikuwa limekauka. Hata hivyo walimwona.

Walimjia wengi. Walimshika mabega, walimwambia pole sana mzee wetu, waliuliza ni nani, na walipoambiwa walilia, maana walimpenda Sefueli. Mzee mwenzake alimweleza asiwe na wasiwasi, kamati ya faraja bila shaka imekwisha kupata habari. Mama mmoja wa kwaya alisema vijana wenye nguvu wako nyuma wanakuja. Vijana walipofika walisema wazee waliotangulia wamekwenda kupanga, nao wasingependa kuvuruga mipango. Nakiete aliwatazama wakipita. Mwenyekiti wa kamati ya faraja alikuwa yeye.

Kengele ya pili ikagonga. Akainama, akashika ncha zake mbili, akavuta. Mbele yake barabara ilikuwa imefurika watu kutoka ukingo hadi ukingo, na walipoona anakuja na maiti, wanaume walivua kofia, wanawake wakawavuta watoto pembeni, na wote wakampisha njia kwa heshima.